Kisanduku

Kwenye fomu ya mpango wa somo
kuna kisanduku, upana wa kidole gumba changu:
Nadharia iliyotumika.
Afisa wa elimu atapita kesho.
Mlaleo stima imekatika tangu magharibi,
naandika kwa taa ya simu, asilimia kumi na moja.

Chuoni nilikariri. Hatua ya kwanza, hatua ya pili,
mtoto wa miaka mitano bado haelewi
kuwa maji hayaongezeki kwa kurefuka chombo.
Nilipata themanini na moja.
Mama alichinja jogoo.

Basi leo nikabeba gilasi mbili,
moja fupi nene, moja ndefu nyembamba,
na maji ya kununua, maana mfereji wetu
wiki ya tatu hii hata haukohoi.
Nikamimina mbele yao, toka fupi kwenda ndefu.
Wapi maji ni mengi?
Shebwana akaielekeza ndefu. Kibibi naye. Swafia. Mwakio.
Kumi na wanane, kama kitabu kilivyoahidi,
na moyoni nikajipigia makofi.

Mbeyu akacheka.
"Ni yaleyale, ticha. Yamehama nyumba tu."

Miaka mitano na miezi miwili.
Babake, Ngowa, husukuma mkokoteni wa mitungi
toka Kisimani hadi Barsheba,
na alfajiri ni yeye Mbeyu anayeshika mpira.
Ameshasikia wanunuzi wakiteta
mtungi ukimiminwa kwenye pipa, ukaonekana haba.
Ameshasikia jibu.

Shebwana sikumwambia amekosea.
Nilimpa gilasi zote mbili, nikasema: haya, jaribu.
Akamwaga robo sakafuni,
maji ya shilingi,
nami nikakaa juu ya ulimi wangu.
Hilo nalo lina jina lake chuoni,
mwalimu kunyamaza makusudi.
Ukurasa siukumbuki.

Mchana mamake alikuta shati limeroa chepechepe.
"Nalipa karo achezee maji?
Lini atasoma?"
Nikamwambia njoo saa nne, ukae nasi mkekani, utazame.
Hana saa nne.
Ana karai la viazi linamngoja Kongowea.
Sikuwa na jibu fupi, na yeye hakuwa na muda wa refu.

Nimewahi kukosea zaidi ya hapo.
Januari nilibandika nyota za dhahabu
kwa kila atakayechora.
Swafia akachora jua, jua, jua,
mpaka pakiti ikaisha.
"Hamna nyota? Basi sichori."
Nilikaa naye chini wiki mbili
nikichora kuku wa miguu mitatu,
hadi uvumilivu ukamwishia, akaninyang'anya kalamu ya nta
ili amkate kuku wangu mguu.
Tangu hapo haulizi nyota.

Na kamba za viatu vya Mwakio:
nilimshika mikono, kisha vidole,
kisha nikamshika kwa macho tu,
kama nilivyofundishwa, ukiondoa msaada kidogo kidogo
wafanyavyo mafundi na boriti za jukwaa.
Hakuweza.
Aliyemfunza ni Kibibi, miaka sita, hana subira hata kidogo:
"Si hivyo wewe! Pita chini,
kama unapita chini ya kanga zilizoanikwa!"
Akapita. Akafunga.
Akafungua ili afunge tena.

Asilimia nne.
Kisanduku bado kitupu.
Sisemi kitabu kimedanganya;
bila kitabu nisingebeba gilasi,
na bila gilasi nisingejua
kilichomo ndani ya msichana anayekuja darasani
na pindo la sketi limeloa.

Naandika jina la mzee wa kitabuni, afisa aridhike.
Herufi sita. Zinaenea.
Pembeni panabaki nafasi finyu
nami nabana kalamu:
Mbeyu.

Simu imezima.
Nisisahau asubuhi kununua mtungi.